Mafuta ya Mwerezi: Soma Jina la Mti Kabla ya Kusoma Faida

Chupa ndogo ya kahawia iliyoandikwa "mafuta ya mwerezi" inaweza kuwa imejazwa mafuta ya miti isiyokuwa hata ya ukoo mmoja. Mierezi halisi, yaani miti ya jenasi Cedrus, ni michache: wa Lebanoni unaotajwa mara nyingi katika Biblia, wa milima ya Atlas huko Moroko na Algeria, wa Himalaya ambao Wahindi huuita devadaru, na mmoja wa kisiwa cha Saiprasi. Mafuta mengi yanayouzwa kwa jina hilo, hata hivyo, hutoka kwenye mireteni, miti ya jenasi Juniperus, hasa ule wa Virginia na ule wa Texas nchini Marekani. Mengine hutoka kwenye mti wa jamii ya sipresi unaokua Uchina. Mtarakwa wa nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambao enzi za ukoloni ulipasuliwa kutengeneza penseli, nao ni mreteni. Kwa hiyo ukisikia kwamba mafuta ya mwerezi huotesha nywele, huleta usingizi, hufukuza mbu na kuua nondo kabatini, usiharakishe kuuliza kama ni kweli au uongo. Uliza kwanza: ya mti gani, na sehemu ipi ya mti? Faida moja imepimwa kwa mafuta ya mti huu, nyingine kwa ya mti ule, nyingine ushahidi wake ni mwepesi mno; kisha muuzaji huzikusanya zote na kuzibandika kwenye chupa moja. Ushauri wangu ni uende kinyume chake: chagua kazi, tafuta mti uliopimwa kwa kazi hiyo, ndipo utoe pesa.

Tuanze na kilichomo ndani. Mafuta tete si ya namna moja na ya nazi au ya ufuta. Hayana shahamu, ni mchanganyiko wa kemikali zenye harufu ambazo hupaa hewani. Ya mwerezi hukenekwa kwa kupitisha mvuke kwenye mbao zilizosagwa, na mara nyingi malighafi yenyewe ni mabaki ya kazi nyingine: maranda, unga wa msumeno, visiki. Mafuta hukaa katika kiini cha mti, ile sehemu nyekundu au ya hudhurungi ya katikati. Mbao nyeupe za pembeni zina machache. Ndiyo maana nguzo ya mtarakwa iliyochongwa kwenye kiini huweza kukaa ardhini miaka mingi bila mchwa kuigusa, ilhali ile yenye weupe mwingi huliwa upesi. Ukiyapima mafuta ya Atlas utakuta hasa kundi la kemikali ziitwazo himakaleni. Ukiyapima ya mreteni wa Virginia utakuta sedreni, thujopseni na sedroli, na mtarakwa uko upande huu wa pili. Za pande zote mbili ni nzito kuliko kemikali za limau au za mkaratusi, na uzito huo ndio unaoeleza tabia ambayo kila mtumiaji huiona: harufu ya mwerezi haishtui puani mwanzoni, ila hubaki kitambaani wakati nyingine zote zimekwisha kuondoka. Watengeneza manukato huitumia kuwa msingi wa kushikilia harufu nyepesi, na mafuta ya Texas hupelekwa kwa wingi viwandani kugeuzwa kuwa viungo vingine vya manukato. Kwa kazi hiyo, nakubali, jina la mti si jambo kubwa. Pua yako ndiyo hakimu. Ila pua haiwezi kuamua lolote kuhusu nywele, moyo au mbu.

Maabara zililielewa jambo hili zamani. Mwaka 1878 Ernst Abbe, aliyeshirikiana na Carl Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alitengeneza lenzi ya hadubini inayozamishwa katika tone la mafuta ya mwerezi. Mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo mwanga hupita kutoka kwenye kioo cha sampuli hadi kwenye lenzi bila kutawanyika. Lenzi za namna hiyo zilimsaidia Robert Koch kuona bakteria wa kifua kikuu, ugunduzi alioutangaza mwaka 1882. Lakini mafuta yaliyowekwa chini ya lenzi hayakuwa ya mwerezi wowote. Yalikuwa ya mreteni wa Virginia, yaliyofanywa mazito hadi yakafika kipimo kilichotakiwa. Hata hivyo yaliachwa baadaye, kwa kuwa hukauka na kugandia kwenye lenzi. Ukifanya kazi maabara, tumia mafuta ya kuzamishia yaliyotengenezwa kiwandani na uyaache haya kwenye historia.

Sasa tuziangalie faida zinazotajwa, moja baada ya nyingine, na usingizi kwanza. Mwaka 2003 watafiti wa Japani waliwavutisha watu hewa yenye sedroli safi. Mapigo ya moyo yakapungua na shinikizo la damu likashuka. Mwaka huohuo matokeo ya wanyama wa maabara yalionyesha kwamba sedroli huwapumbaza panya. Hapa pana jambo la maana, lakini litazame lilivyo. Kilichopimwa ni sedroli, na sedroli iko kwenye mireteni. Katika mafuta ya Atlas, ambayo maduka mengi huyauza kwa maneno ya "utulivu na usingizi mnono", ni kidogo mno au haipo. Tena jaribio lile la watu lilipima moyo na mishipa kwa muda mfupi, halikupima usingizi wa usiku kucha. Kwa hiyo kama unataka kujaribu, nunua ya Virginia au ya mtarakwa, tia matone 2 au 3 kwenye pamba au kwenye bakuli la maji ya moto, liweke mbali na kitanda kwa nusu saa kabla ya kulala, kisha litoe chumbani. Kukosa usingizi kwa wiki nyingi ni jambo la kumpelekea daktari. Na ikiwa unatumia dawa za shinikizo la damu, usizipunguze hata kidonge kimoja kwa kutegemea harufu.

Upande wa nywele ushahidi ni bora zaidi, na ndio unaotumiwa vibaya zaidi. Mwaka 1998 jarida la madaktari wa ngozi la Marekani lilichapisha utafiti uliofanywa Aberdeen, Scotland, kwa wagonjwa 86 wenye ugonjwa wa upara wa mabaka, ule unaotokea pale kinga ya mwili inaposhambulia mizizi ya nywele na kuacha duara laini kichwani. Kundi moja lilipaka mchanganyiko wa mafuta tete manne, yaani ya taimu, rosmari, lavenda na mwerezi wa Atlas, katika mafuta ya jojoba na ya mbegu za zabibu. Kundi la pili lilipaka mafuta ya kuchanganyia peke yake. Baada ya miezi 7, watu 19 kati ya 43 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu, yaani asilimia 44, dhidi ya 6 kati ya 41 wa kundi la pili, asilimia 15. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Ila kuna mambo matatu ambayo tangazo la dukani halikuambii. Mafuta yalikuwa manne, kwa hiyo hakuna awezaye kusema ni yapi yaliyofanya kazi, wala kama ya mwerezi yalichangia chochote. Ugonjwa ule huweza kupona wenyewe, kama wale 6 wanavyoonyesha. Na wagonjwa hawakuwa na upara wa urithi wa wanaume, wala ule wa mbele ya kichwa unaowapata wanawake wanaosuka kwa kukaza mno. Nywele zilizokatika kwa kuvutwa zinahitaji kwanza msusi alegeze mkono. Hakuna tone litakalozirudisha huku mzizi ukiendelea kung'olewa.

Mtoto wa shule mwenye mabaka kichwani ni habari nyingine kabisa. Mara nyingi hayo ni mashilingi, yaani fangasi, na tiba yake ni dawa ya kumeza inayotolewa hospitali. Kumpaka mafuta ya mwerezi kwa miezi 7 ni kumchelewesha na kuwaambukiza wenzake darasani. Mtu mzima aliyepimwa akaambiwa ana upara wa mabaka anaweza kuufuata mchanganyiko wa Aberdeen bila kuubadili: matone 2 ya taimu, 2 ya mwerezi wa Atlas, 3 ya lavenda na 3 ya rosmari, ndani ya mililita 3 za jojoba na 20 za mafuta ya mbegu za zabibu, kwa kusugua kichwa angalau dakika 2 kila usiku na kukifunga taulo lenye joto. Ukikosa jojoba ukatumia nazi, kuwa mkweli kwa nafsi yako kwamba unafanya jaribio jingine. Zingatia pia udogo wa kipimo. Mwerezi katika mchanganyiko ule haukufika hata nusu ya asilimia 1. Anayejimiminia mafuta makali kichwani akidhani anauongezea utafiti nguvu ameuacha utafiti nyuma.

Tukija kwa wadudu, hapa mwerezi una hoja yake, mradi tuwatenganishe wadudu wenyewe. Nondo wa nguo hali nguo. Anayekula ni kiwavi wake, na anakula sufu, hariri na manyoya. Kanga na kitenge ni pamba, kwa hiyo havimhusu sana. Suti, sweta, blanketi za sufu na mazulia ndivyo vya kulinda, na wakazi wa Lushoto, Njombe au Nyahururu wana vingi kuliko wa Mombasa. Mvuke wa mafuta ya mreteni huwadhuru viwavi wadogo ukiwa umejikusanya ndani ya sanduku lililofungwa vizuri. Kwenye kabati lenye milango inayopwaya hupotea tu. Fua nguo kwanza, zianike jua kali na kuzikung'uta, kwa sababu hiyo ndiyo huondoa mayai na viwavi wakubwa. Kisha weka matone 5 au 6 kwenye pamba, itie ndani ya kifuko cha kitambaa, iache isigusane na nguo kwa kuwa mafuta huacha doa, na uongeze matone kila mwezi. Ukiwa karibu na fundi seremala anayefanya kazi ya mtarakwa, muombe maranda ya kiini; yakiwekwa kwenye kifuko yatafanya kazi ya jinsi hiyohiyo na huenda ukapewa bure. Sababu ya kuhangaika hivi badala ya kutupia vidonge vyeupe vya naftalini ni nzito kuliko harufu. Watu wengi wa maeneo yenye malaria, Pwani ikiwamo, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo au kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na naftalini anaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu na kupata manjano kali. Kwenye sanduku la nguo za mtoto, basi, naftalini haifai kabisa, na mwerezi ni mbadala wa haki. Unyevu na ukungu ni adui mwingine: huo unatibiwa kwa hewa na jua.

Kwa mbu ndipo mahali pa kusimama imara. Ni kweli kwamba majaribio ya maabara yameonyesha mafuta ya mireteni hufukuza sisimizi wa aina fulani, na sedroli huweza kuua kupe wachanga. Ni kweli pia kwamba shirika la mazingira la Marekani, EPA, tangu 1996 limeyaweka mafuta ya mwerezi kwenye orodha ya viuadudu vya hatari ndogo. Wauzaji huitaja orodha hiyo kama cheti. Maana yake halisi ni kwamba bidhaa hizo zimesamehewa usajili, na aliyesamehewa usajili halazimiki kulithibitishia shirika kwamba bidhaa yake inafanya kazi. Harufu inayomsumbua mbu kwa muda haitoshi pale ambapo mbu mmoja tu anaweza kukuletea malaria. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, na ukihitaji kupaka kitu jioni, tumia kilichopimwa, kama chenye DEET au ikaridini. Mwerezi uache sebuleni kwa ajili ya harufu.

Atatokea mtu aseme kwamba wazee walitumia miti hii karne nyingi bila kusoma majina ya Kilatini, na hakuna aliyedhurika. Hoja hiyo ina heshima yake. Waogiek wametengeneza mizinga ya nyuki kwa mtarakwa, wafugaji wamejengea mazizi, na wote waliujua mti kwa kuushika, kwa gome lake na kwa mahali unapoota. Hawakuwa na haja ya lebo kwa sababu walikuwa na mti mbele yao. Wewe una chupa. Tena walichotumia ni mbao, gome, majani au moshi, ambapo mafuta ni sehemu ndogo sana. Mafuta yaliyokenekwa yamekusanya kilichokuwa kwenye kilo nyingi za mbao, na desturi ya kutumia mbao haiwezi kuwa shahidi wa usalama wake. Mwingine atasema cha asili hakidhuru. Mjibu kwa jina moja: Thuja. Huu ni mti wa Amerika Kaskazini ambao huko nao huitwa mwerezi, na mafuta ya majani yake huuzwa kama "mafuta ya majani ya mwerezi". Yana thujoni kwa wingi, kemikali inayoshambulia ubongo na kuleta degedege ikimezwa. Ni ya asili kama yale mengine. Ukiona Thuja occidentalis au Thuja plicata kwenye lebo, au neno majani pale ulipotarajia mbao, irudishe chupa.

Hoja ngumu zaidi ni ile ya mnunuzi mwenye shaka: lebo yenyewe inaweza kudanganya, sasa jina la Kilatini linanisaidia nini? Linasaidia kwa kuwa linampa muuzaji kitu cha kushikiwa. Lebo nzuri hutaja Cedrus atlantica, Cedrus deodara, Juniperus virginiana au Juniperus ashei, nchi ilikotoka, sehemu ya mti, njia ya kukeneka na namba ya toleo. Muuzaji wa kweli hukubali kukuonyesha ripoti ya maabara ya toleo hilo, yenye orodha ya kemikali na asilimia zake. Humo utafute himakaleni kwa Atlas, sedreni na sedroli kwa mreteni. Mafuta ya mwerezi ni ya bei nafuu ukilinganisha na sandali au udi, kwa hiyo udanganyifu wa kawaida ni kuuziwa ya mti wa bei ya chini badala ya wa bei ya juu. Jaribio maarufu la kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe na kuona kama litapotea halifai hapa. Mwerezi ni mzito na huacha alama kwa muda mrefu hata ukiwa safi. Usishtuke pia ukikuta fuwele nyeupe ndani ya chupa ya Virginia siku za baridi. Hiyo ni sedroli iliyoganda. Izamishe chupa kwenye maji ya vuguvugu, itayeyuka. Na shaka ikibaki, ipime kwa hasara: chupa ya kutilia sanduku la nguo ikiwa ya uongo utapoteza pesa, lakini ya kupaka mwilini inaweza kukuachia ngozi iliyobabuka.

Kwa ngozi, kanuni ni nyepesi kukumbuka. Tone 1 ni takriban mililita 0.05, na kijiko cha chai ni mililita 5. Matone 2 katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, ufuta au zeituni hukupa asilimia 2, na hiyo yatosha kwa mwili wa mtu mzima. Usoni, tone 1 kwa kijiko. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko na usubiri siku nzima. Pakiwasha au kuwa pekundu, acha. Usimeze hata kidogo, hata kama mtu amekuambia ni dawa ya tumbo. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo waachwe nje ya majaribio haya, na mwenye pumu asikae kwenye chumba kilichofungwa kikifukizwa. Paka pia: ini lake halina uwezo wa kutosha wa kuvunja kemikali nyingi za aina hii, na manyoya yakipakwa atayalamba. Mtoto akimeza, usimtapishe, maana mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Mkimbize hospitali, na chupa uibebe ili daktari asome jina la mti.

Kuhusu ipi ya kununua, mti wenyewe nao una hali yake. Mwerezi wa Atlas uko kwenye orodha ya kimataifa ya miti iliyo hatarini kutoweka, kwa ukame, mifugo na ukataji, wakati mreteni wa Virginia umeenea kwenye malisho ya Marekani hadi wafugaji wanauchukulia kama magugu. Kwa sanduku, rafu na harufu ya nyumba, sioni sababu ya kununua Atlas. Iachie kazi ya nywele, ambayo ndiyo iliyopimwa kwayo. Ukipata ya mtarakwa, uliza mbao zilitoka wapi, kwa kuwa mti huo hukua polepole na huibwa misituni kwa ajili ya nguzo. Chupa ifungwe sana, ikae gizani na mahali pa baridi, tarehe ya kufunguliwa ikiandikwa juu yake. Mafuta yaliyokaa wazi muda mrefu yakabadilika harufu yasipakwe tena kwenye ngozi. Yanaweza kumaliziwa kwenye pamba ya rafu ya viatu.